Mwanamke Aliyeomba Mkono

Mwaka juzi nilishuka kwenye gari barabara ya Namanga, upande wa Oldonyo Sambu, nikachukua bodaboda ya kunipeleka nyumbani kwa baba mkubwa. Dereva alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa koti zito na kofia ya sufu chini ya helmeti, kwa sababu upepo wa huko asubuhi unakata masikio. Njia nzima aliniuliza habari za mjini. Tulipolikaribia daraja la korongo akanyamaza, akaongeza mafuta, tukalivuka kwa mwendo ulionifanya nimshike koti kwa mikono miwili.

"Samahani, mama," alisema tulipofika ng'ambo. "Hapo huwa sipunguzi mwendo."

"Kuna nini?"

"Kuna mama mmoja anaomba lifti. Anakaa pale pembeni ya daraja na mzigo wake wa kuni. Ukimbeba, pikipiki inaanza kuwa nzito. Inazidi kuwa nzito, mpaka gia namba moja inashindwa. Ukigeuka kumwangalia, hayupo. Ziko kuni tu."

"Wewe umewahi kumwona?"

"Mimi bado. Ila kuna mwenzetu wa kijiweni alimbeba. Aliacha kazi kabisa. Siku hizi anauza viatu vya mtumba Ngaramtoni."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, kwa adabu.  Lakini nilikuwa namfahamu huyo mama kabla dereva wangu hajazaliwa, na wakati huo hakuwa akiomba lifti. Bodaboda hazikuwepo, na daraja halikuwepo. Alikuwa akiomba mkono.

Nieleze kidogo. Wanawake wa upande ule wa mlima Meru hubeba kuni mgongoni. Mzigo unafungwa kwa kamba, kisha unashikwa na ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, kwa hiyo uzito wote unaning'inia kichwani na shingoni. Ili uubebe, unakaa chini, unauegemea, unavaa ukanda, halafu mtu anakushika mkono na kukuvuta usimame. Ukiwa peke yako na mzigo mzito, utahangaika pale kama kobe aliyepinduliwa. Ndiyo maana kila mtoto wa kike wa huko anafundishwa jambo moja kabla hajafundishwa kupika: humpiti mwanamke aliyekaa na mzigo. Awe jirani, awe mgeni, awe mliyegombana naye jana, unasimama, unampa mkono, anainuka, mnaachana.

Mwanamke wa korongoni aliipindua adabu hiyo. Alikaa chini kabisa, kwenye mchanga, ameegemea kuni zake, na alikuwa na sauti ya mtu unayemjua. Alikuita kwa jina lako, akanyoosha mkono, akasema, "Nipe mkono." Ukimpa, hakuinuka yeye. Ulikaa wewe. Ulikaa pale ubavuni mwake na usiweze kusimama tena, mpaka maji yaje.

Aliyetusimulia hayo alikuwa bibi yetu, mama yake baba. Tulimwita Koko, kama Waarusha wanavyowaita bibi zao. Wala hakutusimulia usiku kando ya moto, maana Koko alilala mapema, pamoja na kuku. Alitusimulia mchana kweupe, huku anapukuchua mahindi, kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia tusiache lango la zizi wazi.

Mimi nilikuwa mtoto wa mjini. Tulikaa Sakina, baba akiwa dereva wa lori na mama akiuza vitenge sokoni Kilombero. Mama ni Mchaga wa Machame, kwa hiyo Desemba ilikuwa ya kwao, haina mjadala. Likizo ya Pasaka ilikuwa ya Koko. Baba alinishusha kwenye lori barabarani na mfuko wangu wa nguo, sukari kilo mbili na majani ya chai, na pale kando ya barabara nilimkuta binamu yangu, binti wa baba mkubwa, ananisubiri na punda. Alinizidi miaka mitatu. Nilimwita dada, na mpaka leo namwita dada.

Nikifumba macho sasa, kitu cha kwanza kunijia ni kiganja cha Koko. Huko mtoto hasemi shikamoo tu akaishia hapo. Anainamisha kichwa, na mkubwa anakigusa kwa mkono. Mkono wa Koko ulinuka moshi na maziwa. Uliniganda utosini kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyolazimu, kama mtu anayepima ni kiasi gani nimekua tangu mwaka jana. Kisha aliniuliza habari za mama yangu kwa Kiswahili chake, ambacho alijifunza kanisani na kwenye kitabu cha nyimbo, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha heshima sana. "Mama yako angali mzima? Biashara yake yastawi?" Sijawahi kumsikia mtu mwingine wa Arusha akisema "yastawi".

Tulikula loshoro kwenye bakuli za bati, mahindi yaliyopondwa na maziwa ya mgando, yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Nyumbani Sakina mama alijaribu kunitengenezea mara mbili kwa maziwa ya dukani. Haikuwa loshoro. Tulichota maji ambayo yametupaka meno yetu sote rangi ya kahawia; ukinionyesha meno ya mtu nitakwambia kama alikulia upande wetu. Asubuhi mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, na siku nyingine, ikifika saa nne, ulijifunika. Koko aliuangalia mlima jinsi watu wa mjini tunavyoangalia saa.

Aliuangalia kwa sababu ya korongo. Lilipita katikati ya boma letu na kijiji. Kanisa, duka na mashine ya kusaga vilikuwa ng'ambo. Lilikuwa na kina kirefu kuliko ghorofa zote nilizokuwa nimeziona mjini, na kuta zake zilikuwa za udongo laini wa majivu, unaomomonyoka ukiushika. Njia ilishuka kwa kujipindapinda, ikakata mchanga chini, ikapanda upande wa pili. Karibu mwaka mzima kulikuwa kukavu. Mchanga ulikuwa wa baridi, mzuri kwa miguu, na migunga ya kule chini ilikuwa na kivuli kuliko mahali popote. Lakini mvua ikinyesha juu mlimani, maji yalikuja kwa pamoja, meusi, yamebeba mawe na magogo, na huenda pale ulipo jua linawaka wala hujaona tone. Kila masika korongo lilichukua kitu. Mbuzi, punda, mara moja mkokoteni wa mchanga pamoja na ng'ombe wake wawili.

Kwa hiyo sheria zilikuwa tatu. Mlima ukijifunika, usishuke. Ukishuka, usikae. Na ukiitwa, usiitike, kimbia.

Nilikuwa na miaka kumi na moja siku tulipoitwa.

Koko alitutuma mashineni, dada na mimi, kila mmoja na mahindi yake kichwani. Foleni ilikuwa ndefu. Tuliporudi na unga ilikuwa kama saa tisa, na mlima ulikuwa umevaa wingu mpaka kiunoni. Dada alisimama ukingoni akautazama.

"Tungoje?" nilimuuliza.

"Tungoje mpaka lini? Tukimbie tu."

Tukashuka mbiombio, unga ukitumwagikia mabegani. Tulikata mchanga, tukaanza kupanda, na tulipofika kwenye kona ya kwanza ndipo tukaisikia sauti. Ilitoka kule chini, pembeni kidogo ya njia, nyuma ya mawe. Ilikuwa ya mwanamke. Ilisema kwa Kimaasai, lugha ya huko, na Kimaasai changu kilikuwa kidogo, lakini nililisikia neno la mkono. *Enkaina.* Kimya, halafu tena, kwa nguvu zaidi.

Nilimtazama dada. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. Aliutupa unga wake na kukimbia, nami nikautupa wangu na kumfuata. Tulipanda ule mteremko kwa mikono na miguu. Nakumbuka nilikuwa nalia na wakati huohuo nina furaha ya ajabu, kama mtu aliyepata kitu cha kuwasimulia watoto wa Sakina.

Koko alikuwa uani, amekaa kwenye gunia na mahindi yake.

"Unga uko wapi?" aliuliza.

Dada alimwambia. Alimweleza yote kwa mkupuo, sauti inakatika, nami nikidakia pale nilipoweza. Koko aliendelea kupukuchua. Nilidhani atasema vema, mmefanya vizuri, unga si kitu.

"Amewaita kwa majina?" aliuliza.

"Hapana," dada alisema.

"Alisemaje hasa?"

"Alisema, 'Wewe unayepita, nipe mkono.' Mara mbili. Halafu akakohoa."

Gunzi likabaki mkononi mwa Koko.

"Akakohoa?"

"Ndiyo."

Aliinuka. Sijui kwa wakati ule alikuwa na miaka mingapi, hata yeye hakujua, lakini alikuwa mtu wa kushika magoti yake kabla ya kusimama. Siku hiyo hakushika kitu. Aliingia ndani, akatoka na kamba ya kufungia ndama na kisu, akautazama mlima mara moja, akaanza kwenda. Hakutuambia tumfuate. Hakutuambia tubaki pia. Tukamfuata.

Wanaume walikuwa malishoni na ng'ombe. Njiani tulikutana na mama mmoja wa boma la jirani, Koko akamwambia maneno mawili, matatu, bila kusimama, na yule mama akaanza kukimbia kwenda upande wa makazi kuita watu.

Ukingoni Koko alitugeukia. "Nyinyi mtakaa kwenye kona ile mliposikia sauti. Msishuke chini yake. Nikiwaambia vuteni, mvute. Nikiwaambia ondokeni, mnaondoka, msiniangalie."

Halafu akaita. Aliita kule chini kwa sauti kubwa, akiuliza ni nani, na ni mke wa nani, na ametoka boma gani. Na sauti ikamjibu. Ilimjibu yote matatu.

Alikuwa mke mdogo wa boma moja la mbali kidogo, ameolewa miezi michache tu kabla, kutoka upande wa Monduli. Hakuzijua sheria zetu za korongo, hakuna aliyekuwa amemwambia bado. Alikwenda kuni peke yake, akakata njia kupitia kwenye mchanga, akateleza kwenye mawe, mguu ukageuka. Alikuwa amekaa pale tangu mchana, ameegemea mzigo, ukanda bado uko kwenye paji la uso. Alikuwa ameita kila aliyepita. Baadaye alituambia kwamba kabla yetu walipita watu wawili, na wote walikimbia.

Kutoka kwenye kona tulimwona Koko anavuka mchanga. Alikuwa anakwenda haraka, lakini alipofika kwa yule mwanamke alisimama. Alisimama kama hatua tatu mbali naye. Yule mwanamke alinyoosha mkono, na Koko hakuupokea mara moja. Dada akanishika bega, akalibana mpaka likauma. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha Koko akainama, akamshika, akamvuta.

Hakuinuka. Mguu ulimshinda, na mzigo ulikuwa bado umemkaba. Koko akatoa kisu akakata ule ukanda, kuni zikaanguka nyuma, na hapo mwanamke akapiga kelele, si ya maumivu, ya hasira. Tulisikia wanabishana. Wako chini ya korongo, wingu limeshuka mlimani, na wanabishana juu ya ukanda.

Walikuja wameshikana, mmoja anachechemea, mwingine anahema. Koko alitutupia kamba. Tuliizungusha kwenye shina la mti uliokuwa pale kwenye kona, tukavuta kadiri ya nguvu zetu, na yule mwanamke akaipanda ile sehemu mbaya ya kwanza kwa magoti. Wakati huo nilisikia kitu nilichodhani ni malori. Nilifikiri, baba amekuja. Kwa kweli nilifikiri hivyo. Koko alisema, "Vuteni."

Maji yalipita chini yetu. Sikuyaona yakija, niliangalia chini, na pale palipokuwa na mchanga palikuwa na kitu cheusi kinachojigeuza, na kuni za yule mwanamke zilikuwa juu yake, mzigo mzima, bado umefungwa vizuri, unazunguka. Halafu haukuwepo. Upepo wake ulikuwa wa baridi na ulinuka udongo. Tulikaa pale kwenye kona sisi wanne, tumeshikana nguo, mpaka watu walipokuja kutuchukua kutoka juu.

Hakuna aliyetugombeza kwa ajili ya unga.

Asubuhi yake yule mwanamke aliletwa kwetu kwa punda. Nilidhani amekuja kushukuru, na kweli alishukuru, alikuwa ameleta maziwa. Lakini alikuwa amekuja pia kwa ajili ya ukanda wake. Ulikuwa wa mama yake mzazi, alisema. Alipewa siku alipotoka kwao, na Koko aliukata bila hata kumwuliza. Alisema hayo ameinamisha kichwa, kwa adabu zote, lakini aliyasema. Baba mkubwa alikasirika, akataka kumwambia jambo. Koko alimnyamazisha kwa mkono. Akaingia ndani, akatoka na ukanda wake mwenyewe, mweusi kwa miaka ya mafuta na jasho, akampa. Msimu ule wote Koko alibebea kuni kwa kamba ya katani, ikamchubua paji la uso.

Alipokwisha kuondoka yule mgeni, Koko alikwenda kukaa kwenye gunia lake, akatuita mimi na dada. Alitupatia mahindi, kwa hiyo tulipukuchua wakati anaongea, nami nilishukuru kuwa na kitu cha kutazama.

"Yule wa korongoni," alisema, "nilimjua."

Walikuwa wameolewa na ndugu wawili, yeye na huyo mwingine. Waliingia boma moja mwaka mmoja. Walipatana vizuri mpaka walipogombana, na waligombana kwa ajili ya kibuyu. Mmoja alisema watoto wa mwenzake wamekivunja, mwingine akasema kilikuwa na ufa tangu kilipoletwa. Hawakusemezana mwezi mzima. Walipikia ubavu kwa ubavu na hawakusemezana.

"Tulikwenda kuni wanne. Wawili walitangulia. Mimi nilikuwa wa tatu, yeye nyuma. Alikaa kwenye mchanga kupumzika kabla ya kupanda. Nilipofika katikati ya mteremko akaniita. Aliniita kwa jina langu, jina langu la utotoni, ambalo nilimwambia mwenyewe. 'Nipe mkono.'" Koko aliokota punje zilizoruka, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. "Nilimsikia. Nikasema moyoni, na awaite wengine. Hapakuwa na wengine."

"Mlima ulikuwa umejifunika?" dada aliuliza.

"Ulikuwa umejifunika. Nilikuwa nimeuona. Nikasema bado." Alichukua hindi jingine. "Nilifika juu nikatua mzigo. Nilitaka nirudi. Sikieni, nawaambia ukweli, nilikuwa nimekwisha kuutua ule mzigo ili nirudi. Ndipo nikayasikia maji."

Nilikuwa nimekaa Sakina, nimesoma shule ya mjini, na nilijiona mwerevu. "Kwa hiyo, Koko," nilisema, "hakuna mzimu. Ni hadithi tu."

Alinitazama bila hasira.

"Mimi nilimsikia kila nilipovuka, mpaka nikazaa watoto wengine watatu. Aliniita kwa jina lile. Niliwaambia watu nimemsikia, na wao wakaanza kumsikia. Kisha wakaongeza ya kwao. Nikaona watoto wanaogopa kushuka wakati wa mvua, hawafi. Nikaacha iwe hivyo. Sasa wewe uniambie ni nini."

Nilirudi kwenye hindi langu. 

Baadaye kidogo dada, ambaye alikuwa hajalala usiku mzima, alisema, "Tulimkimbia, Koko. Tulimwacha."

"Mimi ndiye niliyewafundisha kukimbia," Koko alisema. Kisha, kana kwamba anajisemea mwenyewe: "Jana nilipoushika mkono wake nilijua nitakaa. Nilijua kabisa. Miguu yangu ilikuwa imekwisha kukubali."

Hilo tu. Akatuambia tufagie maganda.

Tangu siku hiyo aliibadili hadithi. Wadogo zetu waliokuja baadaye hawakufundishwa kukimbia. Walifundishwa kuuliza: wewe ni nani, mke wa nani, boma gani. Asiye na boma, mwache. Mwenye boma, kaite watu. Ninavyojua mimi, hadithi hiyo ya Koko ilidumu katika boma letu tu; kijijini waliendelea na ile ya zamani, maana ilikuwa tamu zaidi.

Nilirudi kila Pasaka mpaka nilipoingia sekondari, kisha nikarudi kila nilipoweza, kisha nikawa mtu wa kusema nitakuja. Dada alisoma chuo cha misitu Olmotonyi, na siku hizi kazi yake ni kushughulika na miti na maji. Ukimuuliza kuhusu korongo atakueleza juu ya mteremko na udongo wa majivu na misitu iliyokatwa kule juu, na maji yanachukua muda gani kufika chini. Namsikiliza kwa heshima. Lakini tumevuka naye pale mara nyingi sana na sijawahi kumwona akivuka bila kusimama kwanza, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza.

Macho yalipomsumbua, Koko aliletwa mjini kukaa kwetu. Mama yangu alimpikia mtori, supu ya ndizi ya kwao, naye akaula kwa uvumilivu wa Mkristo, halafu akaomba maziwa. Bomba lilimkera. Alisema maji ambayo hujayafuata hayana ladha. Alikaa barazani Sakina miaka karibu minne, akiwauliza wapita njia habari zao kwa Kiswahili chake cha kitabu cha nyimbo, na wauza mboga wakampenda. Saa nne asubuhi aliniuliza kama mlima umejifunika, maana kutoka kwetu aliuona kama kivuli tu. Nilikuwa namjibu nikiwa nimeshika simu, wakati mwingine bila kutazama. Hilo linanisumbua kidogo.

Tulimzika kwake Oldonyo Sambu. Watu walikuwa wengi. Kwaya mbili, na wachungaji zaidi ya mmoja. Baada ya chakula, dada na mimi tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, tumechoka, ndipo akaja mama mmoja mnene mwenye shanga nzuri, anatembea kwa kuvuta mguu mmoja kidogo. Tulimjua kabla hajasema. Tuliinamisha vichwa, akatugusa, ingawa dada alikuwa akikaribia arobaini na yeye hakuwa mkubwa kwetu kwa miaka mingi sana.

"Nyinyi ndio mlionikimbia," alisema.

"Ni sisi, mama," dada alisema.

"Mlikuwa na mbio."

Akakaa kati yetu. Alituambia kwamba Koko alikuwa mkaidi, na kwamba hakuwa na haja ya kuukata ule ukanda, maana ungeweza kuvuliwa kichwani kama mtu anavyovua kofia. Alisema pia kwamba watu wanasema Koko ndiye aliyemwokoa, na ni kweli alishuka, Mungu amlaze pema. Lakini pale kwenye kupanda, Koko alikwama. Pumzi zilimwishia. Yeye, akiwa na mguu mmoja, ndiye aliyemshika kiunoni akamsukuma mpaka kwenye kona.

"Nilimpandisha mimi," alisema. "Mliona wenyewe. Mlikuwa mmeshika kamba."

Nilimtazama dada, naye akanitazama. Nilijaribu kukumbuka, na nikaona mgongo wa Koko, na mikono ya mtu kwenye kiuno chake, na sikuweza kusema kama nakumbuka au nimeambiwa sasa hivi. Dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaufunika uso wake kwa kitenge, watu wa mbali wakadhani analia, na mmoja akaja kumpa pole.

"Mnacheka nini?" mama yule aliuliza, lakini alikuwa anatabasamu.

Tulikaa naye mpaka magari ya mjini yakaanza kuondoka. Alitusimulia mengine ambayo hatukuyajua, ya Koko na jogoo wa mchungaji, ya Koko alipokataa kupigwa picha, ya Koko na mfanyabiashara wa punda mnadani. Na dada, aliyekuwa na kazi kesho yake asubuhi, akaliacha gari la kwanza likaondoka, na la pili pia.